Kibuyu Kinachopumua

Soko la Kasongo lilifurika asubuhi ile. Baiskeli zilipenya zikiwa zimebeba mikungu ya ndizi, pikipiki zilipiga honi bila sababu, na katikati ya msukumano huo Waridi Asani akajikuta ametupwa ndani ya kibanda cha Djamali, fundi wa kurekodi muziki. Alikuwa ametoka Kabambare kuja kuimba kwenye harusi ya binamu yake. Kikwembe alichojifunga kiunoni kilikuwa cha kijani chenye maua ya manjano, kilemba kimelala upande, na mkononi alikuwa na simu iliyozimika.

"Kaka, unachajia watu telefone?"

Djamali, kijana mrefu mwenye shati jeupe lililonyooshwa vizuri, hakusikia. Macho yake yalikuwa kwenye kompyuta. Humo maduara matatu ya rangi yalikuwa yakiruka kufuata rumba iliyokuwa ikilia.

"Nini hii inarukaruka?"

"Ni muziki, dada. Hii kubwa nimeifunga na sauti nzito. Ngoma ikipiga, inavimba. Hizi ndogo zinafuata sauti nyembamba."

"Muongo! Ni wewe unazisukuma."

Djamali akainua mikono yote miwili juu, akazima rumba, akamsogezea kipaza sauti. "Basi imba wewe."

Waridi akaimba. Duara jekundu likapanda pamoja na sauti yake, likatanuka, likatua taratibu alipoishusha. Alipokatiza ghafla, likaanguka. Akacheka hadi kilemba kikamvuka. Djamali hakucheka. Alikuwa amesikia waimbaji wengi katika kibanda kile, lakini sauti kama hii, hapana.

"Unaitwa nani?"

"Chaji kwanza telefone yangu," alijibu Waridi, "jina utalipata kesho."

Kesho yake alirudi, na siku iliyofuata. Ndipo akamweleza habari za baba yake. Papa Asani alikuwa mpiga ngoma aliyeitwa kila penye sherehe Kabambare, hadi ugonjwa ulipomziba masikio.

"Siku hizi nikiimba, anaangalia mudomo yangu, halafu anageuza uso," alisema Waridi. "Kuna wimbo alimutungia mama yangu. Mama alishakufa. Nataka papa auone ule wimbo, kwa sababu hawezi kuusikia tena. Utaweza?"

"Nitaweza," alisema Djamali, ingawa hakuwa na hakika.

Wakarekodi wimbo. Djamali akachora ngoma kwenye kompyuta, akachora na kibuyu cha kufuata sauti ya Waridi. Mara ya kwanza kibuyu kilitetemeka kama mgonjwa wa homa.

"Iko na malaria hiyo," Waridi alimtania. "Mimi siimbi hivyo. Nikivuta pumzi, kipungue kidogo. Kipumue kama mutu."

Djamali akapunguza huku, akalainisha kule, akajaribu tena na tena mpaka kibuyu kikapumua. Waridi akakishika kioo kwa vidole. "Ee! Huyu sasa ni mimi."

"Ni wewe, ua langu," alisema Djamali.

Harusi ilipokwisha Waridi alirudi Kabambare, akamwachia Djamali kazi ya kumalizia. Simu zikaanza.

"Umelala vizuri, ua?"

"Ua gani, wewe mutu wa vibuyu? Umemaliza kazi yangu?"

"Bado kidogo. Nikimaliza utaacha kunipigia."

"Maliza uone."

Siku aliyomaliza, Djamali aliunganisha spika kubwa asikie kama ngoma na picha vinakwenda pamoja. Watu wakasimama. Wakapiga makofi, wakaomba arudie. Sifa zikamlevya, akarudia, na tena, mpaka vijana wakaanza kukiigiza kibuyu kwa mashavu na matako. Binamu yake Waridi alikuwa sokoni, akampasha Waridi habari. Mchana huo simu ya Djamali ikalia.

"Ule wimbo ni wa nani?"

"Waridi, ungeona namna watu walikusifu!"

"Nimekuuliza ni wa nani."

"Wa papa yako."

"Na soko lote limeucheza, yeye bado hajauona. Usinipigie tena."

Alimpigia hata hivyo. Waridi hakupokea. Basi Djamali akafunga kibanda, akaifunika kompyuta kwa blanketi, akaifunga kifuani kama mtoto, akapanda pikipiki kwenda Kabambare. Penye tope yeye na dereva walishuka na kusukuma.

Alimkuta Waridi uani akimenya mihogo. Alisimama mbele yake, tope hadi magotini.

"Nilikosa. Nilitaka sifa, nikasahau wimbo ni wa nani. Niruhusu nimuonyeshe papa, halafu nitarudi Kasongo."

Waridi hakumtazama. Alielekeza kisu mlangoni, basi.

Ndani, Papa Asani alikuwa ameketi kwenye kigoda. Djamali aliinama kumwamkia, akafungua kompyuta kwenye giza la chumba. Ngoma ikavimba. Mzee akakunja uso. Kibuyu kikapanda, kikapumua, kikapanda tena. Vidole vya mzee vikaanza kugonga ubavu wa kigoda, kisha viganja vizima, sawasawa na ile ngoma ya kioo. Halafu akafungua kinywa, akaitikia wimbo wa mke wake kwa sauti kavu, iliyopotoka.

Nje, kisu kikaanguka. Waridi akaingia mbio, mikono ikichuruzika maji.

"Papa! Unaimba!"

Mzee alikuwa akikionyesha kibuyu kwa kidole. "Huyu ni wewe. Ona, hapa unavuta pumzi. Tangu mutoto unavuta pumzi hapa."

Waridi akalia, akamkumbatia. Djamali akachomeka kipaza sauti na kumpa. Waridi akaimba wimbo wote, baba yake akipiga kigoda, macho hayabanduki kwenye kioo, na hawakupishana hata kidogo. Djamali aliwatazama wote wawili akasahau uchovu wa njia.

Baadaye walisimama barazani.

"Umenisamehe?"

"Kidogo."

"Hiyo kidogo inatosha mutu kukuoa?"

Waridi akaficha kicheko kwenye ncha ya kikwembe. "Muulize papa."

"Nitamuuliza namna gani, na hasikii?"

Papa Asani, aliyekuwa amesimama mlangoni akiwaangalia muda wote huo, akakohoa.

"Masikio hapana," alisema, "lakini macho yangu iko. Wewe kijana, tuma wazee wako waje."