Mtaa Haukushangilia

Jioni ile Ahmada alikwenda Darajani, kwa fundi Msabah, kufuata chaja ya kompyuta yake. Safari ya dakika kumi tu kutoka Mkunazini. Laiti angekuwa na chaja nyengine ya akiba, mambo haya yasingetokea, na mimi nisingekuwa na la kusimulia.

Msabah alikuwa fundi mwenye mdomo mwepesi kuliko mikono.

"Hii nimeifufua mara tatu," alisema, akimtupia chaja. "Ya nne naisomea talkini. Na betri yako imevimba. Ikikuzimikia ghafla tena, mimi siahidi kama itawaka."

"Leo nnahamisha vitu vyangu kwenye flashi, fundi. Leo hii hii."

"Basi nisikilize. Umeme ukikatika, chomoa. Ukirudi, usichomeke pale pale. Sikiliza mtaa kwanza. Watoto wakishangilia, huo ndio umeme. Taa ikiwaka na mtaa umenyamaza, wacha. Wacha kabisa."

"Kwa nini?"

Msabah alijishughulisha na bisibisi yake. "Huwa imerudi fezi moja tu. Inaunguza vitu." Kisha, bila ya kumtazama, akaongeza, "Wengine wana maelezo yao. Mimi fundi."

Ahmada akacheka, akaaga.

Alikuwa Mngazija, amekuja Unguja kusoma chuo. Kompyuta ile aliipakata kwenye ndege kutoka Moroni mpaka hapa, imeviringishwa ndani ya shiromani la mama yake, ile nguo kubwa wanayojitanda wanawake wa kwao. Hata maafisa wa uwanja wa ndege aliwafungulia yeye mwenyewe, hakutaka mkono wa mtu. Mwaka wa pili wa masomo mama akafariki, na Ahmada hakuwahi maziko. Alichobakiwa nacho ni sauti thelathini na saba ambazo mama alikuwa akimtumia kwa simu, na kila moja inaanza na neno moja: "Mada." Jina hilo hakuna mtu Unguja aliyelijua. Simu yenyewe ilizama baharini Mkokotoni, kwa hiyo sauti zilibaki ndani ya kompyuta peke yake. Akiipoteza hiyo, amemzika mama yake mara ya pili, na safari hii kwa mikono yake mwenyewe. Ndiyo maana akakata shauri kuzihamisha.

Nyumba aliyopanga ilikuwa ya Bi Mwanakheir, mjane wa makamo. Bi Mwanakheir hakuwa na sauti. Alikuwa akinong'ona tu, na watu wakisema ni maradhi ya koo. Siku ya kwanza alimnong'oneza Ahmada maneno machache: "Umeme wetu unakatika, baba, lakini unarudi." Basi.

Jioni ile Bi Mwanakheir alikuwa amekwenda kwenye khitma Bububu. Ahmada alifungua mlango mkubwa, akaufunga nyuma yake, akapanda ngazi za mbao mpaka chumbani kwake juu. Akasali magharibi. Akachomeka chaja, akatia flashi, akaanza kuhamisha.

Sauti ya kwanza... ya pili... ya tatu...

Tap.

Giza.

Mtaa mzima ukaguna, "Aaaah!" kama kawaida yake. Ahmada akachomoa chaja kama alivyofundishwa. Betri iliyovimba ikabaki peke yake na mzigo: asilimia tisa. Sauti ziliendelea kuhama, polepole. Asilimia saba. Asilimia nne.

Hapo ndipo aliposikia harufu.

Udi. Lakini udi uliomwagiwa maji, wenye moshi mbichi unaokwama kooni. Na nyumbani hamna mtu wa kufukiza udi.

Taa ikawaka.

Iliwaka hafifu, rangi yake kama chai ya rangi. Ahmada alishika plagi, akaisogeza ukutani, akakumbuka. Sikiliza mtaa kwanza.

Akasikiliza.

Hakuna mtoto aliyeshangilia. Hakuna redio wala feni. Alichungulia dirishani. Madirisha ya mbele yote meusi, na uchochoro chini haukuonekana. Taa iliyowaka ilikuwa yake tu.

Asilimia mbili.

"Ahmada!"

Sauti ilitoka chini, kwenye ngazi. Sauti ya mwanamke mtu mzima, safi, tamu, kama ya mtu anayetaka kuanza kasida.

Sasa, mtoto aliyelelewa akalelewa, akiitwa na mkubwa mdomo humtangulia. Hangoji kujiuliza ni nani.

"Naam!"

"Umerudi, baba. Chomeka."

Akachomeka.

Kompyuta ikavuma. Ngazi zikalia. Kri... kri... Ahmada akageuka kuutazama mlango, akidhani mtu anapanda. Lakini hatua zilikuwa zinateremka. Zilianzia pale pale mlangoni kwake, zikashuka taratibu, kama za mgeni aliyepewa alichokijia.

Ndipo akili ilipomfika. Bi Mwanakheir hana sauti!

Taa ikazima. Hazikupita dakika mbili ikawaka tena, nyeupe, kali, na mtaa mzima ukalipuka: "Umerudiii!" Vifijo, vigelegele, redio, kila kitu. Ahmada alikuwa bado amesimama katikati ya chumba.

Akaikimbilia kompyuta. Inawaka. Sauti zote thelathini na saba zimo, hakuna iliyopotea. Alhamdulillahi! Akafungua ya kwanza. Mstari ukatembea kwenye kioo, sekunde arubaini na mbili, mpaka mwisho.

Kimya.

Akafungua ya pili. Kimya. Ya kumi. Ya ishirini. Akajaribu flashi. Kimya. Alizifungua zote, moja moja, huku akilia kama mtoto mdogo, na nyengine akazirudia mara tatu kwa kutoamini masikio yake.

Bi Mwanakheir aliporudi alimkuta amekaa kwenye ngazi, shiromani begani.

"Kuna nini, baba?" alinong'ona.

"Nimeitwa. Taa imewaka, mtaa uko giza, mwanamke akaniita. Nikaitika."

"Sauti yake ikoje?"

"Nzuri. Kama ya msoma kasida."

Bi Mwanakheir alikaa chini na buibui lake, kwenye ngazi ile ile.

"Yangu hiyo," alinong'ona. "Mwaka ule umeme ulipokatika miezi mitatu Unguja nzima, jioni moja taa ya chumba chako iliwaka peke yake. Sauti ya marehemu mume wangu ikaniita. Nikasema labeka. Mimi sikuwa na kitu cha kuchomeka, baba. Ikachukua nilichokuwa nacho."

"Ni nini hicho?"

"Nijue wapi? Nnajua kinapita, kinaita, na ukiitika kinachukua."

"Mbona hukuniambia?"

Aliinamisha uso. "Waliokaa kabla yako waliitwa, wakanyamaza. Watoto wa siku hizi hawaitiki. Wewe..." Mnong'ono wake ulikuwa unakwaruza, unapasuka. "Wewe una adabu, baba."

Neno la mwisho lilitoka zima. Safi, tamu, likajaa kwenye ngazi mpaka juu.

Bi Mwanakheir akajiziba mdomo kwa mikono miwili. Alikuwa analia, na Ahmada aliona wazi kwamba ana furaha, na kwamba anaionea haya furaha hiyo.

Asubuhi Msabah aliipekua kompyuta mpaka ndani. "Kila kitu kizima," alisema. "Sauti tu ndiyo hamna. Fezi moja hiyo." Hakumtazama usoni, na hakutaka malipo.

Watu walimshauri Ahmada ahame. Angehamaje? Tangu siku ile, umeme ukikatika, udi ule mbichi hupanda ngazi. Taa yake huwaka peke yake. Na kutoka chini sauti anayoijua kuliko zote humwita.

"Mada."

Hulisokota shiromani akalitia mdomoni, akaling'ata.

"Mada, mwanangu... mbona huitiki?"

Mtaa mzima hulaani umeme ukikatika. Ahmada peke yake hukaa kitandani akiungoja ukatike. Anaogopa, lakini anamsikia mama yake. Na huko jikoni, kila asubuhi, Bi Mwanakheir anasoma kasida, majirani wanasema Mungu amemponya koo.

Mwezi uliopita alikuja mwanafunzi mpya kutafuta chumba, kijana wa Lamu, jina lake Ayoub. Aliamkia shikamoo mara mbili. Begi alikuwa amelikumbatia kifuani, amekataa hata kuliweka chini.

"Ayoub!" Bi Mwanakheir alimwita kutoka jikoni, kumpa maji.

"Naam, Bi!" Akaruka kusimama.

Adabu tupu.

"Nina kompyuta humu," alisema akishakunywa. "Kila nilichonacho duniani kimo humu. Umeme wa hapa vipi?"

Bi Mwanakheir alimtazama Ahmada. Safari hii alimwachia yeye ajibu.

Ahmada alifikiri juu ya maneno ya Msabah. Yalikuwa machache, yangemaliza nusu dakika. Kisha akafikiri juu ya sauti thelathini na saba, na juu ya koo la Bi Mwanakheir lililopona.

"Unakatika," alisema. "Lakini unarudi."

Akampokea begi, akalibeba kwa mikono miwili lisigonge ukuta, akatangulia kupanda ngazi.