Banda la Matimba

Jumatatu banda lilikuwa na urefu wa mita tatu kamili. Jumatano, kwa futikamba ileile, lilikuwa na mita mbili na sentimita themanini na nne.

Anatoli alipima tena. Alikuwa afisa ugani kwa miaka thelathini. Nusu ya mashamba ya Bukombe yalipimwa kwa mkono wake, na mkono huo haukuwa na tabia ya kukosea. Alitazama nguzo sita. Hazikuinama. Alitazama mabati ya zamani aliyoezekea, yenye matundu ya misumari yaliyopitisha jua kama punje za mtama. Yalikuwa palepale.

Lilikuwa banda dogo la kuwekea zana. Tangu mazishi ya mkewe, Generosa, majembe na mapanga yalihifadhiwa chumbani kwa kuogopa wezi, na jembe la marehemu, lenye mpini uliofungwa waya, lilikuwa limeegemea upande wa kitanda usiolaliwa. Binti yake, Theopista, ndiye aliyesema, "Baba, chumba si stoo. Jenga hata kibanda."

Nguzo aliuziwa na Chacha, mchimbaji aliyeacha machimbo akageuka fundi. Zilikuwa matimba, magogo yaliyowahi kushikilia kuta za shimo la dhahabu huko Kharumwa.

"Mchwa akiugusa mti huu, mzee, njoo uning'ate mimi," alisema Chacha.

Anatoli alilipa. Hakuuliza kwa nini shimo lenyewe liliachwa.

Kulikuwa na jambo jingine, ambalo hakumwambia mtu. Jumanne, akiwa peke yake, alipigilia msumari: ko, ko, ko. Chini ya nguzo, ardhini, kukagongwa: ko, ko, ko. Akadhani ni mwangwi. Akagonga tena mara tatu, bila msumari, akajibiwa. Naye akatabasamu, kwa mara ya kwanza tangu Generosa azikwe.

Alhamisi, jua likiwa utosini, aliingia kupima tena. Mlango ukajifunga nyuma yake, taratibu, bila upepo.

Kwanza ilikuja harufu ya udongo mbichi na jasho la mtu. Kisha tundu moja la paa likazimika. Likazimika la pili, na la tatu, na kila lilipozimika alisikia juu ya bati mchakacho mzito kama wa koleo linalomwaga kifusi, mpaka ikabaki punje moja tu ya jua, akanyoosha mkono kuifikia na vidole vyake vikagota kwenye udongo mahali palipokuwa na bati, akageukia mlango akakuta udongo, akageukia ukuta akakuta udongo, na nyuma ya shingo yake, karibu kiasi cha kumpasha joto, mtu alikuwa akipumua polepole kama anayebana hewa isimwishie.

"Theopista!"

Sauti ya binti yake ilitoka juu, mbali, kama ya mtu aliyeinamia kisima.

"Baba! Uko wapi?"

"Nimo bandani! Fungua mlango!"

"Mlango uko wazi, baba. Nimesimama ndani. Humu hamna mtu."

Kisha akamsikia Chacha, aliyekuwa amekuja kufunga komeo. Alisema kwa sauti ya kunong'ona, lakini kila neno lilifika.

"Mzee. Uligongewa kutoka chini?"

"Niligongewa. Nikajibu."

Juu, komeo likadondoka sakafuni.

"Chacha, kuna nini?" Theopista aliuliza.

"Lile shimo lilimbakiza mwenzetu, Ngassa. Lina jini, linagonga kwa mkono wake. Machimboni, ukimgongea aliye chini umemwahidi unakuja kumtoa. Sisi tulinyamaza, tukahama."

"Na magogo ukamuuzia baba yangu!"

"Shika jembe, dada. Utanitukana tukimaliza."

Wakachimba. Udongo ulimdondokea Anatoli machoni. Chacha, kwa mazoea ya uokoaji, akapaza sauti, "Mpo wangapi?"

Kabla Anatoli hajafungua kinywa, sikioni pake, kwa sauti yake mwenyewe, mtu akajibu, "Wawili."

Ncha ya jembe ikatokeza, kisha mpini wenye waya. Akaudaka kwa mikono miwili, wakamvuta, akatoka katikati ya sakafu ya banda. Chacha alifukia bila kutazama ndani. Jioni matimba yote yakachomwa, na zana zikarudi chumbani.

Jumapili asubuhi Anatoli aliketi kitandani. Chini ya sakafu kukagongwa: ko, ko, ko. Nyumba ilikuwa kimya sana, na kimya kile kilimvuta ajibu. Akaikalia mikono yake, kama mtoto.

Theopista alisukuma mlango akiwa na bakuli la uji. Mlango ukagota kwenye kitanda: ko.

"Baba, umesogeza kitanda?"

Hakikuwa kimesogezwa. Akasukuma tena. Ko.

"Usisukume, mwanangu!"

Lakini bega lake lilikuwa limeshaegemea. Ko.

Chini kukanyamaza, kama mtu aliyelisikia jibu alilokuwa akilingoja.