Jiko la Milembe na Mbegu za Mama Mkwe

Jua lilikuwa halijapanda vizuri, lakini Milembe alikuwa ameshachoka. Si uchovu wa siku moja. Ni ule unaolala nao na kuamka nao. Alikuwa amepiga magoti mbele ya jiko, anapuliza moto. Moshi ukamrudia usoni.

Nyuma yake Joyness alikohoa. Joyness ni binti yake, bado hajaanza shule. Nesi alikuwa amemwambia Milembe waziwazi, "Mama, mtoe mtoto huyu kwenye moshi. Kifua chake hakitavumilia." Milembe alimtoa. Lakini mtoto mdogo ni wa kumfuata mama yake. Ukimtoa, anarudi.

Kilichomuuma zaidi ni hiki: jiko lenyewe lilikuwa jipya! Mumewe, Mayige, alilijenga baada ya mavuno ya pamba. Lilikuwa jiko banifu la matofali na udongo. Lilikuwa na bomba lililopita ukutani, kisha likapanda nje hadi juu ya paa. Mwanzoni liliwaka vizuri sana. Halafu likaanza kutapika moshi ndani. Sasa lilikuwa baya kuliko mafiga ya zamani.

"Nitalibomoa," Milembe alisema. "Haki ya Mungu, leo nalibomoa."

"Libomoe tu," alijibu mama mkwe wake, Lukresia, akiwa mlangoni. "Jiko la kupeleka moshi nje lina faida gani?"

Lukresia alitazama juu, kwenye boriti. Hapo alitundika mahindi yake ya mbegu, yakiwa bado na maganda. Moshi ulifukuza wadudu. Mama yake alifanya hivyo, na yeye alifanya hivyo. Wala usingemwambia kitu.

Klementina alisikia kikohozi kutoka ng'ambo ya ua wa minyaa. Yeye ni jirani yao, na pia ni mhudumu wa afya wa kijiji. Akaja.

"Mwangaluka, mayu," alimsalimia Lukresia kwa Kisukuma, kwa heshima kama mama yake.

"Mwangaluka."

Klementina aliinama akachungulia jikoni. "Mh! Milembe, mdogo wangu, umelishindilia kuni kama unapakia pamba. Moto nao unapumua. Hewa ipite wapi?"

"Nikiweka chache, zinazima."

"Zinazima kwa sababu ni mbichi. Sikia zinavyolia."

Kweli, kuni zilikuwa zinatoa povu. Klementina alizitoa nje akazizima kwa mchanga. Alileta kuni kavu kutoka kwake, zilizopasuliwa nyembamba. "Pasua zako hivi, uzianike juani. Usizianike juu ya jiko, zitashika moto. Na hii nailoni ninayoiona hapa usiwashie tena. Moshi wake ni sumu. Washia majani makavu."

"Sawa, dada."

"Majivu umezoa lini?"

Machozi yakamtoka Milembe. "Kuni mimi, maji mimi, shamba mimi, mtoto mgonjwa mimi. Hayo majivu nitayakumbuka saa ngapi?"

Klementina hakumgombeza. Alichukua koleo akazoa majivu mwenyewe. Kisha akapanga vijiti vichache juu ya mawe madogo, ili hewa ipite chini yake. Akawasha.

Moto ukashika. Lakini moshi ukarudi ndani vilevile.

"Basi bomba limeziba," Klementina alisema. "Twende nje."

Nyuma ya ukuta, chini ya bomba, kulikuwa na tundu la kutolea masizi. Lilizibwa kwa tofali. Klementina aliondoa tofali akaingiza mkono. Akavuta. Likatoka gunia zima, jeusi tii!

Milembe alishika mdomo. "Nani kaweka hili?"

Lukresia akasema polepole, "Mimi. Moshi wote ulikuwa unaenda nje. Mbegu zangu zilianza kuliwa."

Hasira ilimpanda Milembe, ikakosa nguvu ya kusimama. Akakaa chini.

Klementina alilikunjua gunia. Pembe moja ilikuwa imeungua. "Mayu, tazama. Hili lilishaanza kushika moto. Na nyasi za paa ni hizo hapo. Tungekuta mmeteketea humo ndani."

Lukresia alitazama ile pembe, akamtazama Joyness. "Sikutaka kumuumiza mjukuu wangu. Lakini tukikosa mbegu, tutapanda mawe?"

"Hatutapanda mawe. Anika mahindi mpaka ukiing'ata punje, ikatike kwa mlio. Pukuchua, jaza kwenye dumu kavu mpaka shingoni, ufunge kabisa. Mdudu naye anapumua, mayu. Moto tunaupa hewa, mdudu tunamnyima."

Lukresia aliguna. "Haya. Nikidanganywa, nitakuja kula kwako."

Mvua za kwanza ziliponyesha, Lukresia alifungua dumu. Alichota punje akazigeuza kiganjani. Hakuona tundu hata moja. Siku ile alipanda akiimba.

Asubuhi moja alitoka nje asione moshi. "Milembe! Leo hatunywi uji?"

"Umeshachemka, mayu."

Lukresia aliingia. Vijiti vichache viliwaka kwa moto safi. Joyness alikuwa nje, akicheza bila kukohoa. Milembe aliketi kwenye kigoda, kichwa kikimwangukia kwa usingizi.

"Mbona huendi kulala, mwanangu?"

"Klementina alisema moto hauachwi peke yake."

Lukresia alivuta kigoda kingine, akakaa mbele ya lile jiko alilotaka libomolewe. Akasogeza kijiti kimoja ndani, kimoja tu.

"Nenda kalale," alisema. "Moto nitaulinda mimi."

Milembe akaenda kulala. Alilala mpaka jua likawa juu, na hakuna aliyemwamsha.