Farasi wa Baharini Hana Meno

"Wewe kaka, umekalia maiti!"

Elibariki aliruka kama aliyekalia siafu. Stendi ya Same ilifurika siku hiyo. Basi la Moshi lilikuwa limeharibika rejeta na abiria wametapakaa juani, na yeye, kijana wa Mamba kule milimani, mwenye magunia ya tangawizi na shati la mistari lililonyooshwa vilivyo, aliona boksi la mtoto wa watu akalifanya kiti.

"Maiti wa nani tena, dada?"

"Wa baharini."

Yule dada, Careen jina lake, akafunua boksi. Alivaa sketi ya jinzi na blauzi ya njano, na uzuri wake ulifanya hata wapiga debe wapunguze matusi. Akatoa chupa. Ndani ya spiriti alielea kiumbe mdogo, kichwa cha farasi, mkia wa kinyonga.

"Farasi wa baharini. Nawatoa Tanga, tunawapima vinasaba maabara Moshi."

"Na mbona ana kitambi?"

"Dume. Ana mimba. Kwa hawa, baba ndiye anayebeba."

"Loo! Basi nikubebee, mrembo, unipe namba ya simu?"

Careen alicheka mpaka chupa ikatikisika. Akamweleza kwamba kila kiumbe ana maandishi ndani ya mwili, aliyoyarithi kwa wazazi. Kwa farasi huyu maneno fulani yalifutika zamani sana, meno yakapotea, mdomo ukabaki mrija.

"Si mlemavu wala hajalaaniwa," alisema. "Anafyonza, anashiba, anaishi."

Elibariki aliitazama ile chupa muda mrefu. "Hana hata jino moja? Heri yake."

Hapo ndipo mapenzi yalipoanza, na yalianza kwa kasi. Ilikuwa miaka ya soko huria, shamba la mkonge alikofanya kazi baba yake Careen limeuzwa na wafanyakazi wamepunguzwa, tangawizi nayo inanunuliwa kwa bei anayotaka mnunuzi. Lakini wapenzi hawa nani angewaambia kitu! Elibariki alipiga simu kutoka dukani kwa Iddi, kule Mamba.

"Umekula, mamaa?"

"Nimekula mawazo yako."

"Basi hujashiba. Nakuja Jumapili nikuongeze."

Alikuja kweli. Jumapili moja, wakila chipsi Same, akamwambia siri yake. Yeye ni kigego. Utotoni aliota meno ya juu kwanza, na milimani kwao, enzi za mababu, mtoto wa hivyo alitupwa kutoka kwenye jiwe. Yeye alichinjiwa kondoo, mchungaji akaomba, ikaisha. Careen alimbusu midomo ile pale pale, watu wakaguna.

Akapelekwa Mamba kutambulishwa. Alivaa kitenge kipya, akamwamkia kila mtu shikamoo, akala makande mpaka mama mkwe mtarajiwa, Bi Ernesta, akatabasamu. Kisha mjomba Eliakimu akakohoa.

"Mwanangu, mchumba wa nyumba hii lazima aambiwe. Huyu alitanguliza meno ya juu. Ilikuwa laana, ikaoshwa. Umesikia?"

Hapo mchumba hujibu "Nimesikia", watu wakanywa chai, na jambo halitajwi tena. Ndiyo desturi ya nyumba ile, neno moja tu! Lakini Careen, jamani, mapenzi yalimpanda kichwani pamoja na elimu. Akatoa chupa yake kwenye mkoba.

"Mjomba, haikuwa laana hata kidogo! Mtazameni huyu. Meno ni mambo ya vinasaba, yanarithiwa kwenye damu. Elibariki alizaliwa nayo, anayo mpaka leo, na huenda watoto wetu wakawa nayo. Na hayana ubaya wowote!"

Alidhani anamkomboa. Bi Ernesta akaweka kikombe chini.

"Laana tuliiosha, binti. Damu tutaiosha na nini?"

Elibariki alikuwa ameinamisha kichwa, na Careen alipoondoka hakumsindikiza hata mpaka barabarani.

Wiki zile Careen alilia mpaka macho yakavimba. Alipopiga simu, Iddi alisema hayupo. Siku Elibariki alipopiga mwenyewe, sauti yake ilikuwa ya mgonjwa.

"Dada yangu hanipi tena mwanaye nimbebe. Ulinikuta mtu, Careen. Umeniacha kigego."

"Nisamehe, mpenzi. Nina mimba yako."

Elibariki akakata simu, akaenda nyumbani. Aliporudi kwenye simu alirudi na hukumu ya mama yake. Mtoto akianza na meno ya chini, basi ilikuwa laana tu na ilikwisha, harusi itafungwa. Akianza na ya juu, ni damu, na harusi hakuna.

Careen akakubali. Msomi mzima, akakubali! Alijifungua binti, akampa jina la bibi yake mzaa baba, Ernesta, ili kujipendekeza. Tangu mtoto alipoanza kudondosha udenda, kila asubuhi alimpapasa ufizi wa chini huku akiomba.

Simu iliita akiwa anamwogesha.

"Laazizi, yameota?"

"Limeota moja."

"Wapi?"

Kidole chake kilikuwa juu ya kitu kigumu kama punje ya mchele.

"Juu, baba Ernesta."

Elibariki akanong'ona, "Mama yuko hapa pembeni. Sema chini. Nakusihi, Careen, sema chini nikuoe."

Careen alimtazama mwanawe anavyopiga maji na kucheka. Atamfundisha kuziba mdomo mpaka lini?

"Ni la juu, kama lako. Na linampendeza. Njoo umbebe, uliniahidi kubeba."

Akamsikia Bi Ernesta kwa mbali: "Kasema wapi?"

Na Elibariki, yule yule wa stendi, akajibu kwa sauti ya kutosha duka zima:

"Mama, kasema juu. Lakini amekiri. Mtoto si wangu."

"Asante Yesu!" Bibi alipiga vigelegele. "Basi damu yetu ni safi!"

Simu ilikuwa bado sikioni Ernesta mdogo alipomng'ata mama yake kidole, kwa jino lile lile.