Jina Alilolifuta

Lifti ilikuwa imejaa pomoni asubuhi ile, lakini kijana wa shati la samawati hakujali; alibonyeza laptopu aliyoipakata mkononi kama yuko sebuleni kwake. Dada mmoja wa gauni la njano akachungulia kioo cha laptopu, akaona jina lake, macho yakamtoka.

"Kumbe wewe ndiye unayenichelewesha kila wiki!"

"Na wewe ni nani, mrembo?"

"Ninayekusubiri."

Wakacheka mpaka wakapitiliza ghorofa yao. Walikuwa wakiandikiana kwa miezi bila kuonana, kila mtu akifanyia kazi nyumbani. Kampuni yao ilikuwa na programu ya simu ya kupanga miadi ya hospitali. Kijana, ambaye wote walimwita Fundi, aliandika programu; Dada alikusanya kazi za wote, akatoa toleo jipya, kisha akaandika orodha ya mabadiliko: kilichoongezwa, kilichorekebishwa na jina la aliyekifanya. Meneja aliyaangalia majina hayo kabla ya kumwongezea mtu mkataba.

Mapenzi yakanoga, jamani! Simu hazikuisha.

"Umekula, Fundi wangu?"

"Nitakulaje na hujanipikia, asali?"

"Kwani umenioa?"

Kisha Fundi akamaliza kazi yake kubwa, namna mpya ya kubadilisha miadi, akapanda basi kwenda kumwona baba yake. Dada akalitoa toleo mchana. Haukupita muda, hospitali zikaanza kupiga simu: miadi ya wagonjwa imefutika! Akampigia Fundi, hapatikani. Akarudisha toleo la zamani. Kosa lilikuwa la Fundi, na mkataba wake ulikuwa unaisha wiki ile. Dada akafungua orodha, akafuta jina la Fundi, akaweka la kwake, lawama zimwangukie yeye.

Fundi alipofika kwa baba yake, bila kujua kilichotokea, alifungua orodha kabla ya kitu kingine chochote. Akapiga simu.

"Kazi yangu umeiandika jina lako?"

"Ngoja nikueleze, mpenzi..."

"Unieleze nini? Mwizi mkubwa wewe!"

Akakata, akamfungia namba. Mwizi! Dada alilia mpaka macho yakavimba. Meneja akamwachisha kazi kwa kosa lile, naye hakujitetea. Fundi, kwa hasira, akasaini mkataba wa kazi nchi nyingine.

Mjaribu programu, mwenzao wa ofisini, ndiye aliyemwambia ukweli siku Fundi anaaga: kosa lilikuwa lake, Dada alilibeba ili kumlinda. Fundi akakimbia hadi kwa akina Dada, jasho likimtiririka.

"Nisamehe, roho yangu. Ukisema nibaki, nabaki. Nataka kukuoa."

Dada alimpenda, tena sana. Ulimi ulikuwa unataka kusema ndiyo.

"Nimeshakusamehe. Kazi imeniponyoka na sijuti. Ila ulipoona jina langu pale, ukaona mwizi. Hukuuliza hata neno moja."

"Na wewe hukuniuliza ulipolifuta la kwangu."

"Kweli," akasema, ikamuuma. "Ningekusubiri ufike. Lakini mimi nilikosea kwa sababu nilikupenda, Fundi. Ukikasirika tena utaniita nini? Siwezi kuishi nikikuogopa."

"Sitarudia, haki ya Mungu."

"Nenda. Utachelewa safari."

Fundi akalia waziwazi, hakuona haya. Dada akamfuta machozi kwa kiganja, akamweka sawa kola ya shati, kisha akafunga mlango taratibu.

"Nani huyo, mwanangu?" mama akauliza kutoka jikoni.

Dada alikuwa ameegemea mlango, akisikiliza viatu vikishuka ngazi.

"Mtu wa kazini, mama."