Kitu Kwenye Ini la Niyonzima

Jenereta ilizimika saa sita mchana, taa ya chumba cha upasuaji ikazimika nayo, lakini picha kwenye kioo cha altrasaundi ikabaki inawaka.

"Itakuwa betri ya ndani," alisema Daktari Ansbert, ingawa mashine ile haikuwa na betri, na ni yeye mwenyewe aliyeitoa kwenye boksi juzi.

Clarisse alisimama kando ya meza. Alikuwa mfagiaji na mkalimani wa hospitali ile ya wakimbizi huku Ngara, maana alifika sekondari kabla ya vita vya kwao Burundi, na aliyelala pale mezani tumbo wazi alikuwa Niyonzima, mume wake. Mtoto wao wa miezi minne alikuwa nje, mikononi mwa Febronia, jirani yao wa kambini.

Jenereta ikanguruma tena. Daktari akachukua kichwa cha mashine, kimevalishwa glavu, akakilaza juu ya ini lenyewe.

"Uvimbe hauonekani kwa nje, hata kwa vidole siupati. Hiki ndicho macho yangu. Nikikata bila kuangalia nakata mshipa mkubwa, tunampoteza. Na wewe shemeji usizimie, sina kitanda cha pili."

"Sizimii, daktari."

Kiooni likatokea doa jeusi, kubwa kama ngumi. Daktari akasogeza kisu. Mkono wake ulitulia, ini lilitulia, doa likahama.

"Umeona?" akanong'ona.

"Nimeona."

Akalifuata kushoto likaenda kulia, akalifuata kulia likarudi, na kila kisu kilipokaribia lilijibanza nyuma ya mshipa mkubwa, pale pale kisu kisipoweza kupita, na harufu ikaanza kupanda kutoka tumboni, si ya damu, harufu ya nyumba iliyoungua ikanyeshewa mvua, na ndani ya ngurumo ya jenereta Clarisse akasikia mtu anahema, polepole, karibu na sikio lake, na hakuwa Niyonzima.

Kwao hata watoto wanajua: pepo haliulizwi linataka nini na mtu mwenye mikono mitupu. Unashika kuku kwanza, au kibuyu cha pombe, ndipo unauliza, la sivyo linajichagulia lenyewe katika vyako. Kankindi, mganga wa Nyakahura aliyeshindwa kulitoa kwa Niyonzima, alimkumbusha juzi tu. Clarisse alijua, alijua kabisa, lakini damu ilikuwa imeanza kujaa na daktari anasema Mungu wangu, Mungu wangu, na mdomo wa Clarisse ukafunguka wenyewe, akauliza kwa Kirundi, kwa sauti ya chini:

"Unataka nini?"

Mikononi hakuwa na kitu. Maziwa yakamtoka, yakalowanisha gauni.

Doa likatoweka. Daktari akapitisha kichwa cha mashine ini zima, mara mbili. Safi. Akacheka kama mtu aliyeponea ajalini.

"Sijui nilikuwa naona nini. Tunashona. Shemeji, mumeo mzima!"

Clarisse alikuwa ameshatoka mbio.

"Mbona unahema hivyo?" Febronia alimshangaa. "Mtoto hajalia hata kidogo. Nilijua atanisumbua, kumbe mpole!"

Mtoto alikuwa ametoa macho. Hayakupepesa. Clarisse alimnyakua, akarudi naye ndani, akamlaza penye mashine.

"Daktari, nakuomba. Mpime."

"Huyu naye ana nini, mama?"

"Mpime tu."

Alipitisha kile kichwa juu ya tumbo dogo, akitabasamu, kisha tabasamu likamwisha. Akakigeuzia kioo ukutani.

"Ini la mtoto wa miezi minne," alisema bila kumwangalia, "siwezi kulipasua mimi. Sidhani kama yupo anayeweza."

Jioni Niyonzima alizinduka, midomo imemkauka, akamtafuta mke wake kwa macho.

"Clarisse. Kile kitu kimetoka?"

Clarisse alivuta kitenge, akamfunika mtoto tumbo.

"Kimetoka," akamjibu.