Kompyuta Haipimwi kwa Kung'aa

Mama Chapa aliamka akiwa amechoka. Haukuwa uchovu wa siku moja; ulikuwa uchovu wa mwaka mzima. Alimgeuza mama mkwe wake kitandani, akamfuta mgongo, akamnywesha chai kijiko kwa kijiko. Kisha akaburuta kiti mpaka kwenye meza iliyokuwa humo humo chumbani, akaanza kazi.

Kazi yake ilikuwa kupiga chapa. Maktaba moja ilikuwa na maboksi ya karatasi za zamani zilizoandikwa kwa mkono. Mende walikuwa wameanza kuzila. Yeye alisoma karatasi moja moja na kuiandika upya kwenye kompyuta. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Mama Chapa.

Kazi yenyewe ilichosha macho na kuvunja kiuno. Lakini aliing'ang'ania, maana aliifanya nyumbani. Zamani alikuwa akienda ofisini, na bibi yule alibaki peke yake kutwa. Jioni moja alimkuta sakafuni. Alikuwa ameanguka tangu asubuhi, na hakuna aliyemsikia. Siku hiyo Mama Chapa aliapa: ofisini harudi tena.

Basi Jumatatu hiyo, katikati ya ukurasa, kompyuta ikazima. Akabonyeza kitufe cha kuwasha. Wapi! Akabonyeza tena. Kimya.

"Imekufa?" mama mkwe akauliza kutoka kitandani.

"Inapumzika tu, mama."

"Hata marehemu anapumzika," bibi akajibu.

Mama Chapa hakucheka. Boksi la mwisho la awamu hiyo lilitakiwa Ijumaa. Likichelewa, maktaba ingempa kazi mtu mwingine. Naye angerudi ofisini, kiapo au si kiapo.

Mchana mume wake alirudi kula. Alikuwa mpiga rangi wa magari, na rangi ya bluu ilikuwa imemganda kwenye nyusi.

"Niachie mimi," alisema. "Leo leo unapata laptopu."

"Tumuulize kwanza Bisibisi."

"Wa nini? Kununua kitu nako kuna mtaalamu?"

Bisibisi alikuwa jirani yao, mwanamke fundi wa kompyuta. Kibanda chake kilikuwa nyumba ya tatu tu kutoka pale. Lakini mwanamume akishasema "niachie mimi," nani atamzuia?

Jioni akaja nayo. Jamani, iling'aa! Nyeupe, nyembamba, haina hata mkwaruzo. Aliinunua kwa mtu mmoja aliyeleta gari gereji. Bei ilikuwa ya kutupa. Risiti hakupewa, na hakuuliza.

Jumanne asubuhi vituko vikaanza. Ukichomoa chaja, inazima. Ukiiacha kwenye chaja, inachemka. Tena mezani haikutulia, ilicheza kama kiti chenye mguu mfupi. Mume akakunja karatasi ngumu, akaiweka chini ya kona moja.

"Meza hii imepinda," alisema.

Mama Chapa aliitazama meza. Haikuwahi kupinda. Lakini hakuwa na nguvu ya kubishana. Akaandika, akaandika. Saa tisa alasiri kompyuta ikazima yenyewe, ikaondoka na kazi yote ya siku.

Alilala kichwa juu ya meza. Alikuwa na hasira na kompyuta, na mume, na yeye mwenyewe. Zaidi ya yote alikuwa na hofu. Maji yalikuwa yamemfika shingoni.

Jumatano alizibeba kompyuta zote mbili mpaka kibandani kwa Bisibisi. Mume alimfuata nyuma. Bisibisi aliishika ile nyeupe na kuipindua. Papo hapo akaiweka chini taratibu.

"Dada, hii umeichaji leo?"

"Asubuhi."

"Usirudie. Betri imevimba. Ona mgongo huu ulivyotuna. Ndiyo maana haikai sawa mezani."

Mume akakohoa. Ile karatasi ngumu aliyoiweka chini ya kona sasa ilikuwa mfukoni mwake.

"Betri ikivimba inaweza kushika moto," Bisibisi aliendelea. "Usiitoboe, usiikandamize, wala usiitupe jalalani. Mletee fundi. Basi."

"Lakini ilikuwa safi kabisa!" mume alisema.

"Shemeji, ukiletewa gari la kununua, unaangalia nini?"

"Nafungua boneti. Nalala chini natafuta kutu. Rangi mimi hainidanganyi, naipiga mwenyewe kila siku."

"Na hii ulifungua nini?"

Mume alijikuna shingo. "Nilifungua... mfuniko."

"Kinyozi hajinyoi!" Bisibisi alicheka mpaka bisibisi ya mkononi ikaanguka. "Umeuziwa mbuzi kwenye gunia, shemeji yangu."

Mume alimpigia muuzaji. Simu haikupatikana. Bila risiti angemdai kwa lipi? Alikaa kwenye ndoo ya rangi mlangoni akainamisha kichwa. Mama Chapa alitaka kumsema. Alipoona mabega yake yalivyolegea, aliacha. Naye alikuwa amechoka, tena alitaka kusaidia.

Bisibisi akafungua ile kompyuta iliyokufa, akatoa diski yake. Bahati nzuri, kazi za nyuma zilikuwa salama. Akazihamishia kwenye flashi.

"Kuanzia leo, dada, kila ukimaliza kazi ya siku, weka nakala humu. Mashine haitoi taarifa ya kufa. Haya, twende dukani. Shemeji, wewe kakae na mama."

Dukani, muuzaji aliwaletea laptopu yenye kioo kikubwa na taa za rangi chini ya vitufe.

"Subiri," Bisibisi alisema. "Dada, kazi yako ni nini?"

"Si unaijua? Kuandika kutwa nzima."

"Basi anza hapo. Hununui taa. Unataka vitufe vizuri na betri ya kukaa. Unataka memori ya kutosha, GB nane hivi, isikukwamie. Na diski iwe ya SSD. Inafungua haraka, wala haina kitu kinachozunguka ndani."

Walichagua moja nyeusi, iliyotumika, nzito kidogo, imechubuka pembeni. Bisibisi aliipindua: mgongo ulikuwa bapa. Alifungua na kufunga mfuniko mara kadhaa, akasikiliza bawaba. Aliizima na kuiwasha. Alihakikisha haidai nywila ya mtu mwingine, maana hiyo huenda ikawa ya wizi. Kisha akachomoa chaja na kumsogezea kiti Mama Chapa.

"Andika."

"Niandike nini?"

"Kazi yako. Bonyeza kila kitufe. Nusu saa."

Mama Chapa aliandika ukurasa mzima, na wa pili. Muuzaji alianza kupiga miayo.

"Dada zangu, mnanunua au mnahamia?"

"Tukihama na mashine nzima, hatutarudi kukusumbua," Bisibisi alimjibu.

Nusu saa ilipita. Betri ilikuwa imeshuka kidogo tu, na mashine haikupata joto. Wakadai risiti. Wakahakiki kwamba namba iliyo kwenye risiti ndiyo iliyo chini ya mashine. Dhamana ya miezi sita nayo waliitaka kwa maandishi, si kwa mdomo.

Nyumbani, mume aliitazama ile laptopu. "Mbona imechubuka?"

"Rangi utaipiga wewe," mke akasema. Tangu Jumatatu, hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kutabasamu.

Alhamisi aliandika mpaka vidole vikafa ganzi. Mume alirudi mapema kutoka gerejini, akapika, akamgeuza mama yake kitandani. Ijumaa mchana zilibaki karatasi kumi na mbili, na umeme ukakatika. Mume aliruka, akaitazama mashine kwa woga. Haikuzima. Mama Chapa hakuinua hata kichwa. Aliandika mpaka karatasi ya mwisho, akaweka nakala kwenye flashi, akatuma kazi maktaba kwa mtandao wa simu.

Jibu lilikuja baada ya saa moja. Alilisoma mara mbili. Walikuwa wamepokea, na Jumatatu wangeleta maboksi mengine sita. Machozi yakamtoka, akashindwa kuyazuia.

"Unalia nini?" mama mkwe aliuliza.

"Uchovu tu, mama. Kazi imebaki mikononi mwangu. Naendelea kuifanya hapa hapa."

Mkono mkavu wa bibi ukatoka chini ya shuka, ukamshika kiganja.

"Wiki nzima sijalala, mwanangu," alisema. "Nilikuwa nasikiliza kama vitufe vya hiyo mashine vinalia. Vikinyamaza, nahesabu saa nitakazokuwa peke yangu."